Kusafisha vipuri vya bunduki na bastola kwa mashine ya altrasoniki

Silaha ikipata kutu baada ya kuoshwa kwa mashine ya altrasoniki, kosa kwa kawaida halikufanyika ndani ya tangi. Lilifanyika nusu saa baadaye, chuma kilipoachwa mezani kikiwa uchi, hakina hata chembe ya mafuta, na unyevu wa Tanga au Mombasa ukakivamia. Mashine hii huondoa masizi, grisi iliyoganda na vumbi, na huondoa pia ule utando mwembamba wa mafuta uliokuwa unalinda chuma. Kwa hiyo kabla ya kutumbukiza kipuri chochote usijiulize kama kitasafishika. Jiulize kama utaweza kukikausha mpaka ndani. Kama huna uhakika, tumia brashi.

Maelezo haya yanahusu bastola ya 9 mm yenye slaidi (chuma cha juu kinachorudi nyuma inapopigwa), bunduki ya kuwindia ya bolti (bomba la chuma linalofunga nyuma ya mtutu) na shotgani ya pampu, kwa mmiliki mwenye leseni anayesafisha silaha yake mwenyewe. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Usimwachie fundi saa vipuri vyako kwa sababu tu ana mashine dukani. Silaha iliyofunguliwa vipande bado ni silaha, na haikai mikononi mwa asiye na kibali.

Mashine na ukubwa wake

Chini ya tangi kumegundishwa vitikisio vya umeme ambavyo kwenye mashine nyingi za karakana hutetemeka mara 40,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 40. Mtetemo huo hutengeneza ndani ya maji viputo vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyovimba na kunywea ghafla. Kiputo kinaponywea karibu na chuma hurusha mchirizi mwembamba wa maji unaobandua uchafu. Hii ndiyo sababu mashine hufika kwenye matundu na pembe ambazo mswaki haufiki. Na ndiyo sababu haifanyi chochote mahali palipobaki hewa, kwa kuwa pasipo maji hapana viputo.

Tangi la lita 3 lina urefu wa ndani wa sentimita 24 hivi, na slaidi ya bastola ya ukubwa kamili hulala humo bila shida. Tangi la lita 6, lenye sentimita 30, linatosha bolti ya bunduki kubwa kama Brno au CZ ya .375, au kizibo cha triga cha shotgani, yaani kisanduku kinachobeba triga na nyundo. Vile vimashine vya plastiki vya kusafishia miwani, vya mililita 600 na visivyo na hita, vinafaa kwa pini na skrubu tu. Mtutu wa bunduki ndefu hauingii kwenye tangi lolote kati ya hayo, na hakuna haja uingie. Kazi yake ni ya fimbo, brashi ya shaba na vitambaa.

Mashine iliyotoka Marekani huenda ni ya volti 110. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka kwenye umeme wetu wa 230 au 240.

Maji na dawa

Tumia dawa ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine za altrasoniki na vipuri vya silaha, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, maana hutofautiana sana kutoka dawa moja hadi nyingine. Ikiwa chupa imeandika 1 kwa 20, weka mililita 100 za dawa kwenye lita 2 za maji kwa tangi la lita 3, au mililita 200 kwenye lita 4 kwa tangi la lita 6. Kuzidisha dawa hakuongezi usafi. Hufanya suuza iwe ngumu na huacha ukungu juu ya chuma.

Petroli, mafuta ya taa, thina na spiriti havimiminwi ndani ya tangi, hata kidogo, hata hita ikiwa imezimwa. Mtetemo wenyewe hupasha joto na kutoa mvuke, na chini ya tangi kuna umeme. Jiki nayo imekatazwa kwa sababu klorini hutoboa chuma cha pua cha tangi na kula chuma cha silaha. Siki na dawa za kuondoa kutu zenye tindikali hung'oa bluu ya chuma, ile rangi nyeusi inayoelekea bluu, kwa dakika chache, kwani bluu hiyo yenyewe ni aina ya oksidi ya chuma na tindikali haiibagui na kutu. Kostiki soda, magadi na sabuni kali za kuoshea injini huchafua na kula alumini. Kwa fremu au kizibo cha triga cha alumini tafuta dawa ya pH kati ya 7 na 9.

Sabuni ya vyombo inajaribiwa na wengi kwa kuwa ipo jikoni. Nyingi kati yake zina chumvi ya kuifanya iwe nzito, na chumvi ndiyo adui tunayemkimbia.

Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, na maji magumu huacha madoa meupe. Maji ya mvua yaliyokingwa safi ni bora kuliko yote mawili. Kwa suuza ya mwisho nunua maji ya kuongezea betri kwenye kituo cha mafuta, maana hayo ni maji yaliyotolewa madini. Soma lebo mara mbili: pembeni yake huuzwa tindikali ya betri, na galoni zake hufanana.

Joto linalofaa ni nyuzi 55 hadi 60. Hita ya wati 100 huchukua karibu saa nzima kupandisha lita 2 kutoka nyuzi 25 hadi 60, kwa hiyo chemsha lita moja kwenye birika, ichanganye na lita moja ya maji ya kawaida ndani ya ndoo, kisha mimina. Usimwage maji yanayochemka moja kwa moja kwenye tangi baridi, kwani gundi inayoshika vitikisio haipendi mshtuko huo. Na usipandishe joto kupita 70 ukidhani maji ya moto zaidi yanasafisha zaidi. Maji yakikaribia kuchemka, viputo hujaa mvuke na hunywea kwa ulegevu.

Maji mapya yana hewa iliyoyeyuka ndani yake, nayo hufyonza nguvu ya mtetemo. Washa mashine dakika 10 bila vipuri mpaka viputo vikubwa viache kupanda juu na mlio ubadilike, uwe wa sauti moja iliyo kali zaidi.

Kama mashine ni mpya kwako, au umeitilia shaka, ipime kwa foili ya jikoni. Kata kipande kinachokaribia upana wa tangi, kisimamishe wima katikati ya maji kwa uzi au waya kwa sekunde 30 hadi 60, kisha kitazame kwenye mwanga. Foili ikiwa na vishimo na matundu kila mahali, mashine iko sawa. Upande mmoja ukibaki laini kabisa, kitikisio cha upande huo kimekufa. Toa mabaki ya foili kabla ya kuendelea.

Kufungua silaha

Risasi zote ziende chumba kingine. Toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi au bolti. Ukigeuza mpangilio huo, utatoa risasi moja kwenye chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, na kuingiza nyingine. Zuia slaidi au bolti ibaki wazi, angalia chemba kwa macho, kisha ingiza ncha ya kidole cha mwisho kuhakikisha. Risasi nzima, ganda lenye fataki (kiwashio cha kwenye kitako chake) ambayo haijalipuka, au chochote chenye baruti hakiingii kwenye mashine, kwa sababu yoyote ile.

Bastola ifungue kwanza katika sehemu zake nne: slaidi, mtutu, springi ya kurudishia na fremu. Ukiishia hapo, slaidi isiingie kwenye tangi, maana ndani yake kuna njia ya pini ya kugongea risasi, na maji yakiingia humo yatakaa. Ama toa pini ya kugongea, springi yake, kizuizi chake na ekstrakta, kile kidole kinachong'oa ganda, kwa kufuata kitabu cha bastola hiyo, ama safisha slaidi kwa mswaki na uiachie mashine mtutu na springi.

Bolti ya bunduki ni hivyo hivyo. Pini na springi yake nene vimefungiwa ndani ya bomba la chuma. Bolti nzima ikioshwa bila kufunguliwa hutoka ikimeremeta nje, na ndani springi inakaa ndani ya maji mpaka msimu ujao wa kuwinda. Kama hujui kuifungua, futa nje, paka mafuta, na mpelekee fundi silaha mwenye leseni mara moja kwa msimu.

Kizibo cha triga cha shotgani ndicho mashine hii iliumbiwa. Mossberg 500 hukitoa kwa kusukuma pini moja, Remington 870 kwa pini mbili, na ndani yake kuna mchanganyiko wa mafuta ya zamani, vumbi na masizi ambao hakuna anayetaka kuufungua kipande kwa kipande. Kiko wazi juu na chini, kwa hiyo hewa ya kompresa hupita na mafuta hufika. Kioshe kizima, nyundo ikiwa imelala, si imekokiwa. Kwanza angalia kimetengenezwa kwa nini: vingine ni alumini, vingine ni plastiki.

Vitu vya kuacha nje: kitako na vishikio vya mbao, pembe za ndovu na lulu, raba ya bega, darubini, leza, vilengeo vya nukta nyekundu, na vilengeo vya usiku au vyenye doa jeupe lililopakwa au kubandikwa. Nikeli inayobanduka itabanduka zaidi. Bluu iliyoanza kupata kutu chini yake itatoka pamoja na kutu hiyo na kuacha doa la chuma kitupu. Mashine haikuharibu kitu, imekuonyesha kilichokuwapo. Fremu ya plastiki haidhuriki, ila plastiki hunyonya mtetemo na hakuna faida kubwa. Kitambaa chenye sabuni kinatosha.

Kuosha

Futa kwanza grisi nene na tope kwa kitambaa na mswaki wa nailoni. Ukitumbukiza vipuri na tope lake, maji hugeuka meusi katika kundi la kwanza na kundi la tatu linaoshwa kwa uchafu wa la kwanza.

Panga vipuri kwenye kikapu cha waya, si kwenye sakafu ya tangi. Chuma kikigusa sakafu huzuia mtetemo, na baada ya muda husaga sakafu mpaka itoboke. Acha angalau sentimita 2.5 chini ya kikapu. Vipuri visigusane, kwa kuwa vikitetemeka pamoja husuguana na kuchubua rangi. Alumini ioshwe kwa zamu yake, chuma kwa yake. Pini, springi ndogo na skrubu zitie kwenye kichujio cha chai cha chuma, la sivyo utazitafuta chini ya kikapu. Usijaze kikapu zaidi ya nusu.

Mtutu wa bastola na kitu chochote chenye tundu upande mmoja ukiingize kwa kukiinamisha, ukizungushe chini ya maji mpaka hewa itoke. Maji yafikie alama ya tangi na yafunike kila kipuri. Mashine isiwashwe ikiwa tupu au maji yako chini ya alama, maana vitikisio huungua.

Washa dakika 5. Zima, inua kikapu, geuza vipuri, sugua mahali palipo sugu, rudisha dakika 5 nyingine. Kwa kawaida dakika 10 hadi 15 zinatosha. Masizi yaliyookwa kwa moto kwenye uso wa bolti huweza kuhitaji mzunguko wa tatu. Kama baada ya dakika 20 bado yapo, kuongeza saa hakutasaidia. Chukua kipande cha mbao au plastiki ngumu uyakwangue. Usiingize mkono kwenye maji mashine ikiwa inafanya kazi, na vaa glavu za naitrili tangu mwanzo.

Usitegemee mashine kuondoa shaba iliyoganda kwenye mifereji ya mtutu. Hiyo huyeyushwa na dawa yake maalumu, kwenye kitambaa, nje ya tangi, kwani nyingi zina amonia na mvuke wake hauvutwi kifuani kwa hiari.

Risasi za zamani za kijeshi ni habari nyingine. Fataki za baadhi yake huacha chumvi ya potasiamu, ambayo mafuta hayaiyeyushi kamwe, ila maji huiyeyusha. Mtutu uliopigwa kwa risasi hizo unahitaji maji ya moto siku ile ile, mashine au bila mashine.

Suuza, ukavu, mafuta

Hapa ndipo usipokatize kazi kupokea simu. Andaa kila kitu kabla hujatoa kikapu.

Suuza kwa maji safi ya moto, ndoo mbili mfululizo, kisha mara ya mwisho kwa maji ya betri yaliyopashwa moto. Chuma chenye joto hukausha maji yake chenyewe. Puliza kwa kompresa ya bari 3 hadi 4, ukianza na matundu na kumalizia na nyuso za nje. Vaa miwani, na vipuri vidogo vipulizie vikiwa ndani ya kichujio, maana springi ikiruka haionekani tena. Kisha vitie vipuri vya chuma kwenye ovena ya umeme ya karakana, isiyopikiwa chakula, kwa nyuzi 70 hadi 80 dakika 20 hadi 30. Vya plastiki vikaushe kwa drayeri ya nywele tu. Jua la saa saba mchana nalo hukausha vizuri, ila upepo wake huleta vumbi juu ya chuma ulichotoka kukiosha.

Vikipoa kiasi cha kushikika, vilaze kwenye trei yenye mafuta yanayosukuma maji, dakika 10, ukivigeuza mara moja. WD-40 iliundwa kwa kazi hiyo, na herufi zake mbili za mwanzo zina maana ya kuondoa maji. Ila si mafuta ya kulainishia silaha: ipulizie mbali na ovena, iache ifanye kazi, ifute, kisha paka mafuta ya bunduki. Weka vipuri juu ya wavu vichuruzike kwa saa moja.

Sasa ondoa mafuta mahali yasipotakiwa. Njia ya pini ya kugongea ipulizwe kwa kompresa na ifutwe kwa kijiti cha pamba mpaka kitoke kikavu, na pini yenyewe irudi kavu. Mafuta humo hukusanya masizi na kupunguza kasi ya pini. Chemba na mtutu vifutwe vikauke kabla ya kupiga, kwani ganda lisiposhika kuta za chemba husukuma bolti kwa nguvu zaidi. Kwenye reli za slaidi tone moja kila upande linatosha.

Unganisha, kisha jaribu bila risasi: koki, sefti, triga, urudishaji wa triga. Kaza upya skrubu zote zilizokuwa karibu na mtetemo, hasa za vilengeo.

Yanayokwenda kombo

Vumbi la rangi ya chungwa lililotokea baada ya saa chache ni kutu changa. Lifute kwa kitambaa chenye mafuta siku hiyo hiyo na litatoka lote. Usichukue stili waya ya kusugulia sufuria. Ukungu mweupe au wa kijivu ni dawa au madini yaliyokaukia juu ya chuma, kwa hiyo rudia suuza. Alumini iliyofifia au kuwa nyeusi imeliwa na dawa kali, na hiyo hairudi. Bastola inayogonga fataki bila kuilipua baada ya kuoshwa, tazama njia ya pini kabla ya kulaumu risasi. Mashine inayolia vizuri bila kusafisha mara nyingi imejazwa kupita kiasi, ina maji baridi, au maji mapya hayakutolewa hewa.

Siku ya pili fungua tena, utazame mahali mbili: ndani ya bolti au slaidi, na kwenye mizunguko ya springi. Kama pana kutu, hukukausha vya kutosha, na muda wa ovena uongezwe.

Maji machafu

Maji meusi yaliyobaki yana madini ya risasi. Lugha yetu imeyapa madini na kitu kinachotoka mtutuni jina moja, na hapa vyote viwili vimo: mabaki ya kichwa cha risasi, na mabaki ya fataki, ambayo kwa nyingi huwa na risasi, bariamu na antimoni. Sumu hiyo haionekani na haina harufu, na huathiri zaidi watoto. Mashine hiyo isioshe tena vijiko wala meno ya bandia, vikapu visirudi jikoni, na usile wala kuvuta sigara mpaka umenawa kwa sabuni.

Usiyamwage bustanini, chooni wala mtaroni. Yaache yatulie usiku mmoja, mimina ya juu kwenye galoni lenye kifuniko na lebo, tope la chini lifute kwa karatasi na uliweke kwenye mfuko wake uliofungwa. Galoni likijaa likabidhi kwa wakusanyaji wa taka hatarishi wenye leseni ya mamlaka ya mazingira ya nchi yako. Kwa mtu anayesafisha bastola moja kila mwezi, na kubadilisha maji kila baada ya kuosha mara mbili au tatu, galoni la lita 20 huchukua karibu miaka miwili kujaa.